Kiti cha Mbele

Huku kwetu msiba hauambiwi njiani. Aliyefiwa akiwa mbali hapigiwi simu akaelezwa kwamba mama yake amefariki. Anaambiwa mama anaumwa kidogo, anakuulizia, njoo. Kisha anatafutiwa mtu wa kumleta. Huyo anaambiwa ukweli pembeni, na kazi yake ni kuubeba mpaka uani, kwenye watu wa kumshika mwenzao akianguka. Kwa miaka kadhaa mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi.

Nilikuwa dereva wa teksi mtandao hapa Morogoro. Mtandao ulinikutanisha na watu, lakini wakishapanda mara mbili tatu walichukua namba yangu wakaanza kuniita dereva wangu. Basi kaka mtu ananipigia asubuhi: "Dereva wangu, kamchukue dada yangu Mazimbu, umlete Mlali. Mama ametutoka. Yeye hajui." Nakwenda. Nazima redio, maana redio zina matangazo ya vifo. Namwomba abiria simu yake niazime kidogo, yangu imeisha chaji, na nikishaishika hairudi mpaka tumefika. Nampigisha stori za mvua, za bei ya nyanya, za mama mkwe wangu ambaye hata simjui kwa kuwa sijaoa.

Nakumbuka mwalimu mmoja wa kike niliyemtoa stendi ya Msamvu, amepakata machungwa ya mgonjwa. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama mtu wa presha anaruhusiwa machungwa. Nikamwambia anaruhusiwa, tena yanamfaa. Tulipofika, wanaume wawili walimdaka mikono kabla hajashuka vizuri na machungwa yakasambaa uani. Baada ya arobaini alinipigia kunishukuru. Ile kazi sikuipenda, lakini nilijivunia, na sitaki kujifanya mnyenyekevu. Kuna mambo mtu anamkabidhi daktari, kuna anayomkabidhi shekhe au padri, na kuna yale aliyokuwa anamkabidhi dereva wake.

Gari lilikuwa la tajiri, lakini kiti cha mbele kilikuwa cha mama yangu. Mama alikuwa analima mboga Mlali. Kila nilipompeleka mtu upande ule, wakati wa kurudi nilimpitia mama na matenga yake ya nyanya nikamshusha sokoni mjini. Anakaa mbele, kanga mbili, na miguuni mabuti ya mvua, moja jeusi na moja la kijani. Aliwahi kuwa na jozi mbili. Moja ilipasuka buti la kushoto, nyingine la kulia, akaona kununua jozi ya tatu ni wazimu. Nikamnunulia mapya, akampa jirani. "Miguu yangu haina ugomvi na rangi," akaniambia, na akafunga mkanda wa gari kwa mbwembwe kama rubani.

Kisha ikaja safari ya kuchangia. Kwa asiyeijua: badala ya mtu mmoja kuita gari akaenda nalo, mtandao unawachanganya watu wanaoelekea upande mmoja, kila mmoja analipa kipande chake, na dereva anawaokota mmoja mmoja kama maembe yaliyoanguka usiku. Abiria siwalaumu. Nani anakataa nafuu? Mimi mwenyewe ningekuwa abiria ningebonyeza hapohapo. Ila ni nani aliyekaa ofisini huko akawaza kwamba muuza dagaa na bibi harusi anayetoka saluni waingie gari moja, na harufu ikitokea dereva ndiye anyang'anywe nyota anazopewa na abiria? Yupo aliyewaza hivyo. Natamani siku moja nimpakie, na tenga la dagaa nimpakatishe yeye.

Mafuta yakaenda mara mbili, kwa kuzunguka vichochoro kumfuata huyu na yule. Wa kwanza ananuna kwa sababu tumempitia wa pili, wa pili ananuna kwa sababu tumemsubiri wa tatu, na minuno yote inaandikwa kwangu. Ukikataa rikwesti, yaani abiria anapoita nawe ukampuuza, ukifanya hivyo mara chache tu wanakufungia akaunti. Wale walioniita dereva wangu nao wakahamia kwenye kuchangia, na mtandao ukawapa gari lolote lililo karibu. Nikawa nakutana nao kwa bahati, wamekaa nyuma katikati ya watu wasiowajua, tunasalimiana kwa aibu kama waliowahi kuchumbiana.

Habari za misiba zikakoma kabisa. Kaka mmoja niliyemhudumia zamani nilikutana naye sheli, nikamwuliza mbona nasikia walifiwa na hakuniita kumleta mdogo wake. Akanijibu bila hila: "Ndugu yangu, gari lako siku hizi soko. Siri itakaa wapi?" Nilikasirika nikamwacha hapo bila kuaga, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Na kiti cha mbele kikawa kiti namba moja cha mtandao. Nikawa napita Mlali gari limejaa, mama amesimama kando ya barabara na matenga yake, nasimama kidogo nimsalimie dirishani. "Shikamoo mama. Nina abiria." Anachungulia ndani, anawasalimia wote, anafurahi. "Gari lako limepata watu, mwanangu. Mungu mkubwa." Yeye alidhani ni neema. Sikumweleza. Kwenye kioo namwona anapanda bodaboda, mabuti yake yananing'inia huku na huku, na mimi roho inaniuma mpaka Sangasanga.

Siku yenyewe nilikuwa Msamvu, asubuhi, taa ya mafuta inawaka na mfukoni hakuna kitu. Jana yake nilimpelekea tajiri pesa zote za hesabu yake ya gari. Mjomba akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mama yako hajisikii vizuri, anakuulizia. Njoo leo. Lakini usikimbize gari."

Usikimbize gari! Maneno hayohayo niliwasikia ndugu wangapi wakiyasema kwenye simu, huku mimi nimekaa pembeni najua kila kitu. Sijui nieleze vipi kwamba niliyasikia na sikuyasikia. Mtu akiwa fundi wa kuwafunika wengine haamini kwamba siku moja atafunikwa yeye. Nikashika moja tu: mama anaumwa, anataka kuniona, lazima nimwone. Mambo mengine yote kichwa kiliyasukuma nje.

Ila gari haliendi kwa mapenzi ya mama. Nilipiga simu kwa madereva wenzangu wawili kukopa mafuta, na wote walikuwa na taa inayowaka kama mimi. Ndipo nikafanya ambacho dereva yeyote wa mtandao angefanya. Kuna mahali unabonyeza kuueleza mtandao kwamba unarudi nyumbani, ukuletee abiria wa njia hiyo peke yao. Nikaandika Mlali. Nikajiambia wao ndio watakaonifikisha.

Wa kwanza alitokea hapohapo stendi, kijana wa chuo anayekwenda Mzumbe, amevaa spika kubwa za masikioni. Akakaa mbele. Wa pili alikuwa mama mmoja Mazimbu aliyeita viti vitatu vya nyuma mpaka Mlali. Nikashukuru kwa sauti. Tukafika Mazimbu, hakuna mtu. Napiga simu, nasikia, "Tunakuja baba, tunafunga sufuria." Yule kijana anaangalia saa yake, mimi nagongagonga usukani. Walipotokea walikuwa watatu, watu wazima, kanga mpya mabegani, sufuria kubwa limefungwa kwa kitenge. Sikuhitaji kuuliza wanakokwenda.

"Shikamooni mama zangu. Poleni na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Tuwahishe, wanazika baada ya swala ya adhuhuri."

Nikawaomba wanitangulizie nauli ya mafuta. Mkubwa wao akafungua pindo la kanga, akasita. "Hizi ni rambirambi tulizochangishana sokoni," akasema. "Lakini marehemu alikuwa mtu wa watu, hatakasirika. Chukua, ukifika utanirudishia chenji." Nikajaza kidogo sheli, tukaingia barabara ya Iringa.

Mmoja wa wale watatu alikuwa Mnyamwezi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani akifiwa na mtani wake hakai kimya akalia kama wengine. Kazi yake ni kutania msibani, hata jeneza halimzuii. Huyu alianzia garini.

"Mluguru huyu nilikuwa nanunua kwake kila siku. Nyanya nzuri anapanga juu, zilizobonyea chini. Sasa leo malaika wanapekua tenga mpaka chini!"

Wenzake wakaangua kicheko cha watu walio na machozi karibu. Mimi nami nikacheka. Nikamjibu kwa kioo: "Mama, sisi Waluguru wote tunapanga hivyo. Ule ni ufundi, siyo wizi."

"Kumbe dereva ni mtani wangu! Basi leo simlipi nauli. Na jeneza mlishike vizuri, jamani. Mluguru akiona mlima anapanda hata akiwa amekufa."

Nikacheka tena. Tangu asubuhi nilikuwa sijavuta pumzi ya kufika tumboni, na kicheko kile kilinifungua kifua. Nilimpenda yule mama. Nilimwona kama aliyetumwa kunichangamsha.

"Mimi wali wao siutaki," akaendelea. "Nakwenda kuchukua yale mabuti yake. Jeusi na kijani. Nayavaa palepale uani, natembea kama yeye, nione nani atanivua."

Sijui nilishikaje usukani. Nakumbuka lori la mkaa lililokuwa mbele yetu, gunia moja limepasuka na vumbi jeusi linatoka. Nakumbuka nilifikiri kwamba wapo wengine wenye mabuti ya namna ile, Mlali kubwa, mvua nyingi, mabuti yanapasuka. Nililishika wazo hilo kwa nguvu zangu zote. Kisha simu ya yule mkubwa ikaita.

"Ee, tupo njiani. Huyo kijana wake wa mjini amefika? Bado? ... Mmemwambia anaumwa tu? Vizuri. Hivyohivyo, msimwambie, anaendesha gari huyo, ataanguka nalo. ... Wamemwacha uso wazi? Haya. Wamsubiri basi, maskini, amwone mama yake."

Akakata simu, akawaambia wenzake, "Mtoto wake dereva hajui bado." Wakaguna wote kwa huruma. Walinihurumia nikiwa mbele yao, wanaliona kisogo changu. Sokoni nilimshusha mama pembeni ya barabara siku zote, sikuwahi kuingia ndani wakauona uso wangu. Na jina walilokuwa wakiliona kwenye mtandao lilikuwa la tajiri, mwenye akaunti.

Nilitaka kusimamisha gari, nishuke, nipige yowe mpaka milima inisikie. Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu nilikuwa najua jinsi gari linavyoharibika neno kama lile likitoka ndani yake. Wamama watatu na mtoto wa watu, barabara kuu, malori. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuubeba msiba mpaka uani bila kuumwaga. Nikaubeba. Nilikuwa nawaficha wao msiba uleule walionificha mimi, macho kwenye lile lori la mkaa.

Sangasanga tukakata kushoto. Mzumbe nikataka kumshusha kijana barabarani, akavua spika zake. "Bro, nimelipia mpaka hosteli." Nikamwangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, na neno lenyewe halisemwi njiani. Nikaingia chuoni. Getini tukasimamishwa, mlinzi anataka kujua sufuria la nini. Hosteli nayo ilikuwa ya mwisho kabisa kule ndani. Kijana akashuka taratibu, akatoa begi lake taratibu, na nyota moja aliyonipa niliiona baadaye. Yeye hakuwa na kosa. Alilipia mpaka hosteli.

Alipofunga mlango simu ikafungua njia ya abiria waliobaki. Mstari ukapita msikiti wa Mlali, ukafuata mfereji, ukaishia kwenye mfenesi wetu. Sauti ya yule mwanamke wa ramani ya simu ikaanza kunielekeza nyumbani kwetu. Baada ya daraja, pinda kulia. Nikaigeuza simu kifudifudi nikaitumbukiza mfuko wa mlango.

Ikaanza kuita. Nikaichungulia, mjomba. Ikakata, ikaita tena.

"Pokea, baba," yule mkubwa akasema. "Huenda kuna shida."

"Ni abiria tu, mama."

Ningepokea ningesema nini? Mjomba angeniuliza nimefika wapi kwa ile sauti ya kujifanya mambo ni shwari. Nami nilijua kwamba nikisikia tu "mjomba", ile kamba iliyokuwa imenishikilia ingekatika, na wale wamama wangekuwa mikononi mwa mtu asiyeona barabara. Ikaita mpaka ikachoka. Nikakanyaga mafuta. Mtani akanitania kwamba Waluguru wakisikia harufu ya wali wa msiba wanakuwa na mbio, wenzake wakacheka, na mimi nikalazimisha bega langu litikisike ili ionekane nacheka.

Uani kwetu palikuwa na wanawake tu, wamekaa kwenye mikeka. Nikajua kabla sijazima gari. Wanaume wakiwapo, jeneza lipo. Wanaume hawakuwapo. Mdogo wangu wa kike akaja mbio akaufungua mlango wangu mwenyewe, akaning'ang'ania shingoni. "Kaka, wameondoka! Wamekusubiri, kaka, wamekusubiri!"

Nyuma yangu sufuria likaanguka. Nikasikia yule Mnyamwezi anasema, "Mungu wangu, ndiye huyu," kisha sauti yake ya sokoni ikapasuka kwa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtani yeyote.

Nilikimbia mpaka makaburini. Nilikuta udongo umeshafika juu, wanaume wanapokezana majembe. Wakanipisha. Nikachota konzi zangu tatu nikazitupa, na mtu mmoja akanidaka nisianguke. Uso wa mama sikuuona.

Mjomba alinishika mkono tukarudi polepole.

"Nilikupigia, mjomba. Shekhe alisema tusimcheleweshe marehemu, nikataka nijue uko wapi, kama uko karibu tukusubiri. Nikaogopa kukwambia kwa nini nauliza. Hukupokea, nikadhani uko mbali bado."

"Niliona unapiga."

"Sasa mbona, mwanangu?"

"Nilikuwa na abiria."

Akaukaza mkono wangu. Tukatembea. Ningeweza kumweleza mengi, ya mtandao, ya hosteli, ya mlinzi na sufuria, lakini jibu lilikuwa hilo hilo nililokuwa nampa mama dirishani. Mjomba aliuficha msiba kwa kunipenda, nami nikauficha kwa kazi yangu, na katikati ya kufichana huko wakamfunika uso.

Jioni ya siku ya kuanua matanga, mtani, aliyelala msibani na wenzake wawili, akayatoa mabuti chini ya kitanda cha mama. Sheria ya utani ndiyo hiyo. Mtani akishika kitu cha marehemu, wenye msiba wanakikomboa. Akayavaa, akatembea uani kama mama, goti la kulia likisita kidogo, na watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Akaja akasimama mbele yangu.

"Komboa, Mluguru."

Nikageuza mifuko nje. Akaunti ilikuwa imefungwa, nilikuwa nimewapuuza wanaoita siku zote zile, na tajiri alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba gari analitaka. Sikuwa hata na hela ya kumrudishia yule mkubwa chenji ya rambirambi.

Mtani akaitazama ile mifuko mitupu. Alipozungumza utani ulikuwa umemtoka.

"Basi tutaweka mafuta wenyewe. Nikomboleshe kwa safari. Turudishe mjini sisi watatu. Na usiokote mtu njiani."

Tuliondoka asubuhi. Wale wamama walibanana nyuma wote watatu, na hakuna aliyetaka kuja mbele. Mtani alivua mabuti, akayapangusa tope kwa kanga yake, akayaweka pale kwenye kiti cha mama. Nikayafunga mkanda. Barabarani watu walinipungia mkono gari lisimame, wakiona kiti cha mbele hakina mtu, na mimi sikusimama.